Msalaba wa Mawe wa Malindi

Sisi tukaao Ruanda, katika nchi ya Mbozi, jiwe letu lijulikanalo na wageni ni kile kimondo cha chuma kilichoanguka kutoka juu, wala hakina maandiko yo yote. Misalaba ya mawe ya kale hatuna. Makanisa yetu ni ya juzi, maana misheni ya Wamoravian ilianza Mbozi mwaka 1899. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kufika pwani, tulitamani sana kuuona msalaba wa Malindi.

Unasimama juu ya mwamba ulioingia baharini, kusini kidogo mwa mji. Mnara wake ni wa mawe ya matumbawe, mnene chini na mwembamba juu, umepakwa chokaa. Na penye ncha ndipo ulipo msalaba wenyewe, mdogo kuliko tulivyodhani. Jiwe la msalaba si la pwani hii. Lilitoka Lisbon katika merikebu za Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vema na mfalme wa mji, akapewa rubani wa kumfikisha Calicut.

Mtu akiutazama kwa makini ataona ya kuwa umechorwa ngao ya mfalme wa Ureno. Hapo tulisimama kitambo. Manahodha wa Kireno, tangu siku za Diogo Cão aliyesimamisha nguzo ya namna hii penye mlango wa mto Kongo katika safari aliyoianza mwaka 1482, walikuwa na desturi ya kuchukua nguzo za mawe kutoka kwao, ziwe alama ya mahali walipofika na ya dai la mfalme wao. Basi msalaba huu ulikuwa alama ya Bwana wetu, na papo hapo ulikuwa alama ya mpaka. Wenyeji wangewezaje kuzitenga alama hizo mbili? Yasemekana kwamba hapo kwanza uliwekwa karibu na nyumba ya mfalme wa Malindi, watu wakanung'unika, ukaondolewa, hata baadaye ukasimamishwa hapo ulipo sasa.

Si mbali na hapo liko kanisa dogo la Wareno, kuta nyeupe na paa la makuti, na makaburi yakilizunguka. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi akienda Goa, akamzika mmoja wa wasafiri wenzake. Katika barua aliyoiandika mwezi wa Septemba mwaka ule alieleza jinsi alivyofurahi kuuona msalaba mkubwa wa mawe uliopakwa dhahabu. Tena alizungumza na Mwislamu mmoja mwenye cheo, aliyetaka kujua kama Wakristo huenda kanisani kwa bidii, maana kwao misikiti ilikuwa 17, na mitatu tu ndiyo iliyoendewa na watu. Twampenda mtu huyo; swali lake lafaa kuulizwa katika usharika wo wote.

Merikebu ile ikatoka Malindi ikafika kisiwa cha Sokotra. Huko Ksaveri aliwakuta Wakristo wa zamani sana, wakiuheshimu mno msalaba. Walakini makasisi wao hawakujua kusoma, nao walisali kwa lugha wasiyoifahamu, ambayo yeye aliidhani kuwa Kikaldayo. Kanisa lile limekwisha kabisa.

Na Wareno, waliacha nini katika Kiswahili? Walituachia meza, na bendera, na mvinyo. Neno msalaba si lao. Limetoka kwa Waarabu, na kanisa vile vile. Neno lao wenyewe la kanisa, yaani igreja, tunalo hata leo, lakini limegeuka: ndilo gereza! Kwanza watu waliita hivyo ngome, kama ile ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na kanisa lilikuwamo ndani yake. Kisha likawa jina la nyumba ya kufungia watu. Tusiwadhulumu wazee wale, maana walikuwako wenyeji walioamini kweli. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan alipowaua Wareno wa Mombasa, wako Waafrika waliokubali kufa pamoja nao kuliko kuiacha imani yao. Hata hivyo neno ni shahidi mkali.

Majirani zetu wa Mwenzo, ng'ambo ya Tunduma, walihubiriwa na misheni iliyotoka Scotland. Na huko Scotland, katika kanisa la mtaa wa Ruthwell, uko msalaba wa mawe wa karne ya 8, urefu wake zaidi ya meta 5. Umechongwa sanamu za Bwana wetu pamoja na maandiko ya Kilatini. Lakini ubavuni, kwa herufi za kale ziitwazo runi, umeandikwa mashairi kwa lugha ya nyumbani, na anenaye ni msalaba wenyewe, ukisimulia jinsi ulivyombeba Bwana. Huo nao ulipata taabu. Mwaka 1642 ulivunjwa kwa amri ya wakuu wa kanisa waliouona kuwa sanamu ya kuabudiwa. Mchungaji Henry Duncan alivikusanya vipande, akausimamisha bustanini kwake mwaka 1823. Mwaka 1887 ukaingizwa kanisani, nao umo hata sasa.

Huku kwetu kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa karatasi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Kule Mbozi Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha, akalifasiri Agano Jipya, na wazee wetu wakasikia habari za msalaba kabla ya kuona wo wote wa jiwe.

Tulipokuwa tukiondoka Malindi tulimkuta mvuvi chini ya mwamba akitengeneza wavu wake. Tulimwuliza mnara ule ni wa nini.

"Ni wa Vasco da Gama, wazee wangu," akajibu, akaendelea na wavu wake.