Mwaka Mifugo Ilipohamishwa Kondoa

Niliporipoti Kondoa mwaka 1976, kijana mwenye cheti kipya cha ualimu, mwalimu mkuu hakunionyesha darasa kwanza. Alinipeleka ukingoni mwa korongo nyuma ya nyumba za walimu, akanionya nisipite huko usiku. Korongo lile lingeweza kumeza nyumba na paa lake, na kila masika lilisogea.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetuzoesha jembe tangu 1967, kwa hiyo kuwa na kitalu cha miche shuleni hakukuwa jambo geni. Nilianzisha chama cha wanafunzi cha kutunza miti, tukapanda mijohoro na miarobaini. Na niseme kweli, mtoto aliyechelewa namba nilimpeleka kumwagilia kitalu. Mti ulikuwa adhabu, nami sikuona kasoro.

Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka, kilometa za mraba 1,256. Mifugo zaidi ya 80,000 ilitolewa. Wiki hiyo nilifundisha somo nililolionea fahari: nilichora ubaoni ng'ombe, kwato, mvua, kisha korongo. Kesho yake tulikuta safu mbili za miche zimeng'olewa. Mvulana wa darasa la sita alijitokeza mwenyewe. Aliniamkia kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, maziwa ya mdogo wangu umeyachora wapi?"

Nilimchapa fimbo nne.

Babu yake ndiye aliyenisomesha baadaye, tumekaa juu ya kigoda kimoja kimoja chini ya mti. Alisema enzi za Mwingereza vichaka vilifyekwa kwa amri ili kufukuza mbung'o, watu wakasogea kulima pale palipofyekwa. Udongo ulipoanza kwenda, ikaja amri nyingine ya kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Ng'ombe walikuwa na lawama yao, mzee hakukataa. Lakini katika mchoro wangu hapakuwa na mbung'o wala amri.

Nisiwanyime HADO haki yao. Nyasi zilirudi, tena upesi kuliko nilivyotegemea, na vilima vilivyokuwa vyekundu vikawa kijani. Gharama ilibaki nyumbani kwa watu. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ufugaji wa bandani ulipoanza kuruhusiwa.

Mwaka 1991 nilipita kwa yule kijana. Alikuwa na ng'ombe mmoja bandani, anamkatia majani. Nikamwomba radhi kwa zile fimbo nne. "Zilikuwa tano, mwalimu," akasema, akanimiminia maziwa.

Nilipohamia chuo cha ualimu niliongoza kazi za mazingira za wanachuo kwa miaka mingi. Wakati huo klabu za Malihai, zilizoanza mwaka 1980, zilikuwa zimekwisha kuenea mashuleni, na vijana walikuja wakijua majina ya wanyama. Mimi niliwatuma kwanza kwa wazee wa kijiji cha jirani, waulize kilima kile kilikuwa cha nani na nani aliamuru nini. Kumwagilia miche kama adhabu nilikupiga marufuku. Wengi walirudi na ukurasa mmoja. Wachache walirudi na daftari lililojaa, na hao ndio niliowakabidhi kitalu.