Jiwe la Shinkolobwe na Bomu la Hiroshima

Habari ya bomu la atomiki, ambalo Wamarekani walilitupa juu ya miji miwili ya Japani mwezi wa Agosti 1945, husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni shauri la mataifa makubwa peke yao. Mtu wa Njisi au wa Ipinda aisikiapo huiona kuwa mbali, kama radi ingurumayo nyuma ya milima ya Livingstone. Walakini sehemu kubwa ya mawe yaliyofanyiwa bomu lile ilitoka Katanga, katika nchi ya Kongo, kwa watu wasemao Kiswahili; na vita vilivyokomeshwa siku zile vilikuwa vimewachukua vijana wa Tanganyika na Nyasaland hata misitu ya Burma. Kwa hiyo tukiuliza bomu lile lilitupwa kwa sababu gani, na lilileta nini, twauliza jambo linalotuhusu.

Shinkolobwe ni mahali karibu na mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, aliona huko mawe mazito yenye rangi kali, na tangu mwaka 1921 kampuni ya Union Minière ikayachimba. Siku hizo hawakuwa na haja kubwa na urani. Walichotafuta ni radiamu, kitu kidogo sana kilichofichika ndani ya mawe hayo, ambacho waganga wa Ulaya walikitumia kutibu saratani, nacho kilipita dhahabu kwa bei mara nyingi. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi. Kidogo ilinunuliwa na watu wa kutia rangi vyungu na vioo. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa, na maji yakajaa mashimoni.

Mwezi wa Desemba 1938 wataalamu wawili wa Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann, wakavumbua jambo lililogeuza makapi hayo kuwa mali ya kuogopwa. Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo zisizoonekana, ziitwazo atomu, na kila atomu ina kiini chake. Ikajulikana kwamba kiini cha urani kikipigwa hupasuka, nacho kipasukapo hutoa nguvu, na vijipande vyake huruka na kuweza kupasua viini vingine. Mtu aliyeona nyika ikiwaka mwezi wa Oktoba atafahamu mara moja: shina moja la majani huwasha mawili, mawili huwasha manne, na aliyetia kiberiti hana tena mamlaka juu ya moto.

Hapo ndipo ilipoingia sababu ya kwanza, nayo ilikuwa hofu. Wataalamu waliomkimbia Hitler walijua kwamba wenzao waliobaki Ujerumani wana akili ile ile na vitabu vile vile. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimwonya, na katika barua hiyo Kongo ilitajwa kwa jina kuwa ndiyo chimbuko kubwa la urani. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, naye alikuwa amekwisha kuonywa huko London. Mwaka 1940, Ujerumani ilipoiteka Ubelgiji, aliamuru zaidi ya tani 1,200 za mawe yale zipelekwe New York, zikakaa ghalani ndani ya mapipa ya chuma karibu miaka miwili bila mtu kuzitaka. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaja ofisini kwake akazinunua zote. Mawe mengine yalikuwa na urani hata sehemu 65 katika 100, na kwingineko mawe yenye sehemu 1 yalihesabiwa kuwa mazuri. Mgodi ukafunguliwa tena, maji yakavutwa, na mizigo ikaenda kwa gari moshi hata Port-Francqui, kwa vyombo vya mtoni hata Léopoldville, tena kwa gari moshi hata bandari ya Matadi. Karibu theluthi mbili za urani iliyotumika katika kazi ile ya Marekani zilitoka Kongo.

Waliochimba hawakuambiwa kitu. Katika migodi ya Union Minière Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi, na kwa Kiswahili wangeweza kuelezwa hatari ya mavumbi yale, hawakuelezwa. Wala tusidhani walikuwa watu wasiojua kuuliza. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma wakidai mshahara, na huko Elisabethville askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira, wakafa wengi. Mwaka uliofuata ndipo mawe yao yaliponunuliwa kwa siri.

Basi hofu ya Hitler ndiyo iliyoanzisha kazi. Lakini mwisho wa mwaka 1944 ilijulikana kwamba Wajerumani hawana bomu, na mwezi wa Mei 1945 wakashindwa kabisa. Mtu angedhani kazi ingesimama. Haikusimama. Mtaalamu mmoja tu, Joseph Rotblat, mzaliwa wa Poland, aliona kwamba sababu iliyomleta imekwisha, akafunga mizigo akaondoka. Wenzake wakabaki wakaendelea, tena kwa bidii kuliko kwanza, maana kitu kilikuwa karibu kukamilika, na dola zipatazo milioni 2,000 zilikuwa zimetumika. Silaha ilikuwa ipo. Ikatafutiwa sababu ya pili.

Sababu hiyo ya pili ndiyo wanafunzi waijuayo, na yafaa tuipime kwa haki, kwa kuwa si ya uongo. Wajapani hawakuwa watu wa kujisalimisha upesi. Katika kisiwa cha Okinawa, kuanzia Aprili hata Juni 1945, walikufa Wamarekani zaidi ya 12,000, na Wajapani, askari na raia, kupita sana hesabu hiyo. Majenerali walikuwa wamepanga kushuka katika nchi ya Japani yenyewe tarehe 1 Novemba. Waingereza nao walikuwa tayari kushuka Malaya. Na vijana wetu? Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, mahali palipojaa malaria, ikauteka mji wa Kalewa mwezi wa Desemba. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300, nao wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Mama aliyekuwa na mwanawe katika K.A.R., habari ya tarehe 15 Agosti 1945, kwamba Mfalme wa Japani ametangaza kukoma kwa vita, kwake ilikuwa habari ya uhai. Mtu asimlaumu kwa kushangilia. Twaweza hata kusema kwamba wako watu katika vijiji vyetu leo ambao wasingalizaliwa kama babu zao wangalipelekwa tena vitani.

Hoja hiyo ni nzito. Walakini haimalizi shauri, kwa sababu haikuwa peke yake mezani. Palikuwa na njia nyingine zilizotajwa wakati ule ule, si baadaye na watu wenye kukaa kitako wakihukumu. Mwezi wa Juni 1945 wataalamu wa Chicago, mkubwa wao James Franck, waliandika wakishauri bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipokaa watu. Wengine walishauri Wajapani waambiwe wazi kwamba Mfalme wao hataondolewa, maana hilo ndilo waliloliogopa zaidi. Tangazo la Potsdam la tarehe 26 Julai halikumtaja. Na baada ya mabomu Mfalme akaachwa katika kiti chake vile vile. Tena Warusi walikuwa wameahidi kuingia vitani na Japani, wakaingia tarehe 8 Agosti, na wataalamu wa historia hata leo wanashindana ni lipi lililowavunja Wajapani moyo zaidi, bomu au Warusi. Hao Warusi wenyewe walikuwa sababu ya tatu, isiyotangazwa: wako wakubwa wa Marekani waliotaka vita viishe kabla jirani huyo hajadai sehemu yake, na waliotaka aone nguvu yao. Na mioyo ilikuwa imekwisha kuzoea. Usiku mmoja wa Machi 1945 ndege za Marekani zilikuwa zimeuchoma mji wa Tokyo kwa mabomu ya moto, wakafa watu wapatao 100,000. Aliyekwisha kufanya hivyo hakuona bomu moja kubwa kuwa jambo geni.

Likatupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi. Ndani yake mlikuwa na kilo 64 tu za urani, na nguvu yake ilikuwa kama ya tani 15,000 za baruti kali. Mimi kwa kuwa ni mwalimu, katika habari zote za asubuhi ile hushikwa na hii: maelfu ya watoto wa shule, wa miaka 12 na 13, walikuwa nje, wametolewa madarasani kubomoa nyumba ili kufanya njia za kuzuia moto. Wengi wao hawakuonekana tena. Walikuwako pia Wakorea kwa maelfu, waliokuwa chini ya utawala wa Japani, nao vita havikuwa vyao. Hata mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Wengine hawakuwa na jeraha. Baada ya wiki mbili nywele ziling'oka, damu ikawatoka katika ufizi, wakafa. Wengine walipona, kisha baada ya miaka wakashikwa na saratani ya damu.

Mtu aweza kubishana nami juu ya Hiroshima, nami nitamsikiliza. Juu ya Nagasaki sioni la kusikiliza. Amri iliyoandikwa tarehe 25 Julai ilisema kwamba baada ya bomu la kwanza mengine yatupwe kadiri yatakavyokuwa tayari. Kwa hiyo hapana mtu aliyeketi kufikiri upya baada ya tarehe 6. Siku tatu zikapita tu. Ndege ikaenda kwanza mji wa Kokura, ikakuta mawingu na moshi, ikageukia Nagasaki, na bomu likapasuka juu ya bonde la Urakami. Bonde hilo lilikuwa la Wakristo, ambao wazee wao walishika imani kwa siri zaidi ya miaka 200, bila padre, chini ya tishio la kuuawa. Kanisa lao kubwa lilikuwa umbali wa mita 500 hivi kutoka penye mlipuko. Katika Wakristo 12,000 wa mtaa ule wakafa wapatao 8,500. Tarehe 10 Agosti ndipo Rais Truman alipoagiza lisitupwe jingine bila ruhusa yake mwenyewe.

Wale waliosema bomu litaleta amani kwa kuogopesha hawakupewa muda mrefu wa kufurahi. Mwaka 1949 Warusi wakafanya lao. Mwaka 1960 Wafaransa wakajaribu la kwao katika jangwa la Sahara, katika Afrika, ingawa Waafrika wengi walipiga kelele. Serikali ya Afrika ya Kusini ikaunda mabomu 6 kwa siri, kisha ikayavunja. Mwaka 1996 nchi za Afrika zikatia sahihi Mapatano ya Pelindaba ya kukataza silaha hizo katika bara zima, na yakapata nguvu ya sheria mwaka 2009. Na wale waliosalimika Japani walizidi kusimulia hata uzeeni, na mwaka 2024 chama chao, Nihon Hidankyo, kikapewa tuzo ya amani ya Nobel.

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru. Walakini watu maskini walirudi kuchimba kwa mikono, wakitafuta shaba na kobalti, na mwaka 2004, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kuwakataza, mashimo yaliporomoka yakaua watu.

Nasi urani haiko mbali na mlango wetu. Ng'ambo ya mto Songwe, magharibi ya Karonga, uko mgodi wa Kayelekera. Ulianza mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014 bei ilipokuwa imeanguka kwa ajili ya ajali ya Fukushima huko Japani, ukafunguliwa tena mwaka 2025. Urani yake huuzwa kwa ajili ya mitambo ya umeme, chini ya mapatano ya ukaguzi wa mataifa. Maji ya pande zile hushukia mto Rukuru wa Kaskazini, nao huingia katika ziwa hili hili ambamo wavuvi wetu huvua usipa. Kabla mgodi haujaanza kazi, vyama vya raia wa Malawi vilikwenda mahakamani kuuliza habari za maji hayo na za mionzi, na shauri likaisha kwa mapatano nje ya hukumu.