Kabla Ununue Gari la Rimoti, Uliza Gari la Waya

Wasee, kila Desemba swali ni lile lile: "Ninunue gari gani la rimoti?" Wengi wenu mnataka jina la kampuni na bei, basi. Leo sianzi na bei. Naanza na historia, kwa sababu mimi nilipoteza doo kwa kutoijua.

Gari langu la kwanza nililinunua na pesa nilizoweka karibu mwaka mzima. Plastiki inang'aa, taa mbele, sauti ya injini, kila kitu. Likakimbia wiki tatu kwenye vumbi la hapa Ruiru, kisha gia moja ndogo ndani ikaisha meno. Nikatafuta spea, wapi! Hakuna. Anko yangu akaligeuza mara mbili, akacheka. "Gari yangu ya waya ilikaa miaka miwili. Ikipinda, naikunja tena."

Nilikasirika, lakini alikuwa amesema ukweli.

Kama hujawahi kuona gari la waya, uliza mzazi wako. Bodi ni waya, tairi ni mifuniko ya chupa au vipande vya patapata zilizozeeka, na usukani uko juu ya waya mrefu unaofika kifuani. Unakimbia nyuma yake ukikata kona, na tairi za mbele zinageuka kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa rimoti, ila mawasiliano yalipita kwenye waya badala ya hewani.

Aliyeutoa huo waya ni Nikola Tesla. Mwaka 1898 alionyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiendesha kwa mawimbi ya redio, ndani ya Madison Square Garden. Kwa hivyo chombo cha rimoti kilianzia majini, na magari yalingoja sana. Ni mwaka 1966 ndipo kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli, ilipoleta sokoni Ferrari 250 LM ndogo ya rimoti.

Halafu Wajapani wakaingia. Kampuni ya Tamiya ilipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 934, bosi wake, Shunsaku Tamiya, alinunua Porsche 911 halisi, ikafunguliwa vipande vipande ili waielewe. Mwaka 1976 modeli hiyo ikatoka kama gari la rimoti, na mnunuzi alipata vipande ndani ya boksi. Kuunga ni kazi yako. Ukishaliunga mwenyewe, likiharibika unajua pa kushika.

Mnaona inafanana na nini? Na anko yangu na waya yake. Hobi hii ilikua mikononi mwa watu wanaofungua vitu.

Na sisi Wakenya hatuna sababu ya kujiona wageni hapa. Safari Rally ilianza 1953. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa jina kubwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika kwenye mashindano. Akashinda tena 1974 na 1976. Kwenye barabara kama zile, kasi peke yake haikutosha. Gari lilitakiwa kuvumilia matope na mawe, na likivunjika, litengenezeke pale pale.

Basi hilo ndilo jibu langu. Swali la kwanza dukani lisiwe "linakimbia spidi ngapi?" Uliza, "spea zake zinauzwa moja moja?" Gia, shafti, mota, servo ya usukani. Muuzaji akikuangalia kama umeuliza jambo la ajabu, hicho ni kichezeo tu. Mnunulie mdogo wako, ni sawa, lakini usikiite hobi.

Pili, angalia ardhi yako. Huku kwetu ni udongo mwekundu, kokoto na mitaro. Gari la chini chini la barabarani litakwama siku ya kwanza. Chukua la juu kidogo, tairi zenye meno, springi zinazocheza. Saizi ya moja kwa kumi ni nzuri kuanzia, haipotei kwenye nyasi.

Tatu, betri. Za lithiamu polima zina nguvu, lakini ukizichaji vibaya zinashika moto. Kama unaishi bedsita na chaja yako iko karibu na kitanda, anza na za nikeli. Ni nzito na pole kidogo, lakini zinasamehe makosa.

Na droni je? Tamu, lakini Kenya ina kanuni zake tangu 2020, na mamlaka ya usafiri wa anga inataka usajili kwanza. Gari halikuulizi karatasi.

Kitu kinachoniuma ni kingine. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 490,000 hapa Ruiru. Mashamba ya kahawa ya zamani yanageuka fleti na mitaa yenye mageti. Anko alikimbiza gari lake kutoka kwao hadi mtoni bila kuulizwa na mtu. Mimi nikishika rimoti, askari wa geti ananiuliza naenda wapi. Tunaweza kununua gari zuri kuliko lake mara mia, tukose mahali pa kuliendesha.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, tembea mtaani kwanza. Tafuta uwanja, hata kipande cha vumbi nyuma ya shule Jumamosi, na uombe ruhusa. Tafuta wasee wawili watatu wa kugawana bisibisi. Kisha ununue.

Lile langu la kwanza bado liko chini ya kitanda. Wiki iliyopita nililifungua, nikatoa mota. Anko anatafuta waya.