Utafiti wa Malale Buha

Malale iliingia Buha, nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, kwa njia mbili. Ya kwanza ilitoka magharibi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa kimelea cha aina ya gambiense ambacho humdhoofisha mgonjwa polepole, pengine kwa miaka. Ya pili ilitoka mashariki, kwenye miombo ya Tabora na Kahama, kwa kimelea cha rhodesiense kinachoweza kuua ndani ya miezi michache. Vyote viwili hubebwa na mbung'o, ambaye watu wengi wa magharibi mwa Tanzania humwita ndorobo. Lakini mbung'o wa ziwani hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji, na yule wa miombo huzurura porini akifuata wanyama. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua utafiti ufanywe wapi, na Waha wa Kasulu na Kibondo wahamishwe au waachwe.

Wajerumani walishughulika na ugonjwa wa ziwani. Baada ya daktari wao Robert Koch kufanya majaribio katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, madaktari wa serikali walifungua kambi kando ya Ziwa Tanganyika, wakafyeka vichaka na kuwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Atoksili iliwapofusha baadhi yao, na si ajabu kwamba watu walizikimbia kambi. Lililodumu kutoka kipindi hicho ni maarifa: mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine alionyesha kwamba kimelea hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa, ndipo mdudu huyo aweze kuambukiza. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, wakaitawala Buha hadi 1921, na mpango wa Wajerumani ukafa na utawala wao.

Waingereza walikutana na ugonjwa wa pili. Mlipuko wa malale ya rhodesiense uligunduliwa Maswa mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ukaonekana sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika. Huduma maalumu ya malale ikaundwa, makao yake Tabora, na Dk. George Maclean akawa mtu wake mashuhuri. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuiishi. Familia chache zilizotawanyika porini haziwezi kumfukuza mbung'o, lakini watu wengi wakikaa pamoja na kulima mfululizo, pori hurudi nyuma na mdudu hukosa kivuli cha kuzalia. Katika miaka ya 1930 mpango huo ulifika Buha. Waha wa vilima vya Kasulu, ambako nyasi ni wazi na hewa ni baridi, hawakuguswa sana. Walioguswa ni wa mabondeni, upande wa mto Malagarasi na mapori ya Muhambwe na Buyungu. Walitakiwa kuacha makaburi ya wazee, migomba, mizinga na mashamba yaliyopumzishwa, wakajenge katika makazi ya pamoja yaliyochaguliwa na maofisa. Katika makazi hayo ilikuwa rahisi kuwapima damu, na pia kuwatoza kodi. Hesabu ya wagonjwa ilishuka. Lakini ardhi waliyoiacha ilirudi kuwa pori, na mbung'o wakaipata bila mpinzani.

Je, pori hilo tupu lingebaki na hatari hata kama hakuna mgonjwa wa kumwambukiza mbung'o? Swali hilo lilijibiwa Tinde, karibu na Shinyanga. Kuanzia mwaka 1934 Dk. J. F. Corson na wenzake walihifadhi kimelea kimoja cha rhodesiense kwa kukipitisha kutoka mnyama hadi mbung'o, na kutoka mbung'o hadi mnyama. Kila baada ya muda waliwaachia mbung'o hao wawaume watu waliokubali kujaribiwa. Jaribio liliendelea zaidi ya miaka 18, Vita vya Pili vya Dunia vikiwemo, na kimelea hakikupoteza nguvu ya kumwambukiza binadamu. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingelikubali kirahisi, na ni halali kuuliza ridhaa ya kibarua mbele ya daktari wa serikali ya kikoloni ilikuwa na uzito gani. Matokeo yake, hata hivyo, yaliihusu Buha moja kwa moja: swala na pofu wa pori la Moyowosi wangeweza kuutunza ugonjwa bila msaada wa binadamu.

Baada ya vita hivyo, utafiti wa malale wa Afrika Mashariki uliunganishwa katika shirika moja lililokuwa Tororo, Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na wagonjwa lakini bila maabara hiyo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kituo chake cha Tabora kikaichukua kazi ya malale. Kilichouokoa utafiti katikati ya mabadiliko hayo hakikuwa majengo, bali wapimaji wa zahanati walioendelea kutazama damu kwa hadubini, bila kujali bendera iliyopepea.

Nao walikuwa na sababu ya kuendelea, kwa kuwa watu na pori havikuacha kukutana. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya watu tena vijijini, safari hii kwa jina la ujamaa. Wakimbizi wa Burundi, hasa kuanzia 1993, walijaza kambi za Kibondo na Kasulu na kutafuta kuni porini. Warina asali, wawindaji na wavuvi hawakuacha kuingia huko.

Katika miaka ya karibuni Tanzania huripoti wagonjwa wachache sana kwa mwaka. Kwa miongo kadhaa, ugonjwa ulipofika kwenye ubongo ulitibiwa kwa melasoproli, dawa ya aseniki ambayo yenyewe iliua baadhi ya waliodungwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya rhodesiense. Lakini aina hii ya malale haina kipimo cha haraka. Hadubini bado inahitajika. Zahanati nyingi sasa hupima malaria kwa kipimo cha haraka, na slaidi ya damu, ambayo zamani ilimfichua mgonjwa wa malale bila kutarajiwa, hutengenezwa mara chache zaidi.