Deni la Ndugu: Desturi ya Kukopeshana katika Jadi Yetu

Hapana jamii iliyopata kuishi bila ya kukopeshana. Mvua hunyesha kwa huyu ikamkosa yule. Mwenye shamba huugua wakati wa palizi. Bwana harusi hupungukiwa siku chache kabla ya ndoa. Katika hali kama hizo binadamu humwendea jirani, rafiki au ndugu, akamwomba ampe leo ili amrudishie kesho. Jambo hili tumelizoea mno, na kwa kuwa tumelizoea hatuliandikii historia. Vitabu vyetu vimejaa habari za vita, misafara na watawala, lakini habari za pishi ya mtama iliyotoka nyumba hii ikaenda nyumba ya pili hazimo.

Katika insha hii tutajaribu kueleza jinsi wazee wetu walivyokopeshana, katika mwambao na bara ya Tanzania, na jinsi desturi hiyo ilivyobadilika fedha ilipoingia katika kila nyumba. Tuna sababu ya kufanya hivyo. Husikika mara kwa mara siku hizi kwamba kuandikiana deni baina ya ndugu ni kukosa imani, na kwamba mila ya Kiafrika ni kupeana tu bila ya hesabu. Sisi twaona kwamba maneno hayo si ya kweli, tena yamevunja udugu mwingi.

Shahidi wetu wa kwanza ni lugha yenyewe. Mtu akichukua jembe, ngalawa au kanzu ya jirani yake kwa siku mbili, huyo ameazima, na atarudisha kitu kile kile. Akichukua mchele au fedha, huyo amekopa. Alichokichukua kitatumika na kwisha, naye atarudisha mfano wake. Mkopo usiotakiwa faida waitwa karadha. Kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze bila ya kukitumia ni amana. Mali ya mdaiwa inayoshikwa na mdai mpaka deni lilipwe ni rehani. Bidhaa anayopewa mchuuzi kwa neno la mdomo, akalipa baada ya kuiuza, ni mali kauli. Mbali na hayo yote kuna zawadi, sadaka na mchango, ambavyo havina marejeo. Watu wasiojali hesabu wasingekuwa na haja ya maneno mengi namna hii. Kila neno ni mapatano ya aina yake, na mtoaji na mpokeaji walipolitamka walikuwa wamekwisha kuelewana.

Dini ya Kiislamu ilipoenea katika mwambao iliitia nguvu desturi hiyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, yahusu deni: liandikwe, muda wake utajwe na mashahidi wawepo. Ndugu na marafiki hawakutolewa katika agizo hilo. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yaagiza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Kadhalika, riba imekatazwa. Hata leo, katika mazishi ya pwani, jamaa wa marehemu husimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, au awaendee wafiwa nyumbani. Urithi haugawanywi mpaka madeni yalipwe. Deni, basi, halikuhesabiwa kuwa siri ya watu wawili; hata kaburi halikulifunika.

Bara nako mambo hayakuwa mbali na hayo, ingawa hazina ya watu ilikuwa ng'ombe. Katika Kilimanjaro, Ugogo, Usukuma na kwingineko, mwenye mifugo mingi aliweka baadhi ya ng'ombe wake kwa ndugu au rafiki. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na pengine baada ya miaka kadhaa alipewa ndama. Mwenye mali naye alipata faida yake, kwa sababu maradhi yakiingia katika zizi moja hayakummaliza. Katika Buha mapatano ya namna hiyo yaliitwa ubugabire, nayo yalimfunga mpokeaji kumtumikia na kumheshimu aliyempa. Mahali pengi ng'ombe akifa, mtunzaji alipaswa kupeleka ngozi au sehemu ya nyama kwa mwenyewe, iwe ushahidi kwamba hakumchinja kwa tamaa wala hakumuuza. Wawili hao huenda walikuwa mtu na shemeji yake, wala hapana aliyeona kwamba kudai ngozi ni matusi.

Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliiona desturi hiyo kwa macho yetu. Shangazi alikuja nyumbani kukopa pishi mbili za mpunga, mwaka ambao mvua za vuli zilimkosa. Baba alitwita tusimame karibu, akaleta kibaba, akatuamuru tuhesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka nane. Kila kibaba alikipitisha kiganja juu yake, kwa kuwa walikubaliana kwamba kiwe cha mfuto, si cha tele. Shangazi alisema atalipa baada ya mavuno, kwa kibaba hicho hicho. Alipokwisha kuondoka tulimwuliza baba kwa nini tuhesabu ilhali yule ni dada yake. Alijibu, "Twahesabu kwa sababu ni dada yangu. Mgeni akinidhulumu nitamsahau. Dada yangu nitamwona kila siku ya maisha yangu." Mavuno yalipofika shangazi alileta pishi zake mbili, na tukaitwa tena kuhesabu.

Ukiyatazama mambo hayo yote utaona nguzo tatu. Kwanza, kitolewacho kilipewa jina: ni karadha, ni azima, au ni zawadi. Pili, alikuwapo shahidi, hata kama ni mtoto. Tatu, muda ulijulikana, na aghalabu ulikuwa muda wa mavuno. Heshima ya udugu ilisimama juu ya nguzo hizo.

Hata hivyo, tusiisifu jadi kupita kiasi. Udugu huo huo uliweza kugeuka minyororo. Katika njaa kuu za karne ya 19, kwenye nyika iliyo nyuma ya Mombasa na Tanga, wako waliowaweka jamaa zao rehani, hasa watoto, ili wapate chakula. Waliokombolewa walirudi kwao. Wengine deni lao halikulipwa, na rehani ikawa utumwa. Mwanafunzi anayesoma kwamba ukoo ulikuwa ngao ya mtu hana budi kujua pia kwamba mtu aliweza kutolewa awe malipo ya deni la ukoo.

Wakati huo huo biashara ya Unguja ilileta mikopo ya namna nyingine. Matajiri wa Kihindi, kama vile nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi ushuru wa forodha, na Taria Topan aliyemfuata baadaye, waliwakopesha wenye misafara nguo, shanga na bunduki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili jinsi alivyochukua mali kwa matajiri hao ili aende bara kutafuta pembe. Mkopeshaji alingoja miaka kabla ya kuiona mali yake. Deni kama hilo lilikuwa na karani na hati, na nyuma yake walikuwako wapagazi na watumwa waliolilipa kwa mabega yao.

Deni la nyumbani lilibadilika zaidi serikali ya Wajerumani ilipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898. Kabla ya hapo mwanakijiji wa kawaida aliweza kupitisha msimu mzima bila ya kushika rupia. Sasa rupia ilitafutwa kila mwaka, na asiyekuwa nayo alikwenda kibaruani au alimwendea ndugu aliyekuwa na kazi. Hapo ndipo nguzo zetu zilipoanza kuyumba. Deni la nafaka lina msimu wake, lakini fedha haina mavuno ambayo kijiji kizima kitayaona. Pishi ya mpunga hubebwa kichwani mchana. Sarafu hufungwa katika pindo la nguo, isionekane ikitoka wala ikirudi. Mkopo ulipokuwa jambo la faraghani, shahidi alipotea.

Chini ya Waingereza ilitungwa sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika wa Tanganyika. Mfanyabiashara asiyekuwa Mwafrika hakuweza kumshitaki Mwafrika mahakamani kwa deni ambalo halikupata idhini ya ofisa wa serikali. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda mwananchi. Kwa kweli ilimfungia mlango wa benki na wa duka kubwa, ikamrudisha kwa ndugu zake, ambao nao walikuwa maskini kama yeye. Unguja na Pemba kulikuwa na msiba wa namna nyingine. Wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa wametia ardhi zao katika rehani na katika bei ya hiyari, yaani kuuza kwa sharti la kuweza kukomboa. Bei ya karafuu ilipoanguka, hatari ya kupoteza mashamba ilikuwa kubwa hata serikali ikatoa sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi hizo zisihamie mikononi mwa wakopeshaji.

Watu hawakukaa wakingoja kuokolewa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa umoja wa ushirika, KNCU. Mijini, akina mama walicheza upatu: kila mmoja hutoa kiasi kile kile kwa zamu, na mmoja hupokea chungu nzima. Tukiutazama upatu vizuri tutaona kwamba nguzo zote tatu zimo. Jina lake linajulikana, mashahidi ni wachezaji wenyewe, na zamu ndiyo muda. Kwa sababu hiyo umedumu hata leo. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki zilitaifishwa zikawa mali ya umma, na vyama vya akiba na mikopo vikaenea makazini na vijijini. Lakini karo ya mtoto na nauli ya kwenda msibani ziliendelea kutafutwa kwa ndugu.

Tangu mwaka 2008 Watanzania wamekuwa wakitumiana fedha kwa simu. Mjomba aliye Mwanza humwombea mpwa wake aliye Mtwara, na kabla chai haijapoa fedha imefika. Simu hutunza tarehe na kiasi. Isichokitunza ni jina la kitu kilichotumwa, kama ni mkopo au ni msaada. Na anayeona haya kwa ndugu zake hukimbilia wakopeshaji wa haraka, ambao mikopo yao wananchi wameipa jina la kausha damu. Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili kuwasimamia wakopeshaji wadogo. Sheria yaweza kumdhibiti mkopeshaji. Haiwezi kumfundisha mtu namna ya kuzungumza na ndugu yake.

Tunasema hivi kwa uchungu, maana nasi tulikosea. Miaka iliyopita binamu yetu alitujia usiku akaomba fedha za matibabu ya mkewe. Tulimpa. Yeye hakusema atalipa lini, nasi kwa haya hatukuuliza. Moyoni tulikwisha kuzihesabu fedha zile kuwa mchango wetu kwa mgonjwa, lakini hatukutamka neno hilo. Binamu yetu akaanza kupunguza kuja nyumbani. Akituona sokoni alipita upande wa pili. Tulidhani amekuwa na kiburi, nasi tukaacha kumwendea. Baada ya miaka mitatu alifariki dunia. Mazishini, kaka yake aliposimama akauliza ni nani anayemdai marehemu, tulisema kwa sauti kwamba sisi hatumdai kitu. Mjane wake alipopata habari alituambia, akilia, kwamba mumewe alikuwa akilitaja deni hilo mpaka siku zake za mwisho, na kwamba alikuwa akiona aibu kupita mbele ya mlango wetu. Neno tulilolisema makaburini lingalimfaa zaidi miaka mitatu kabla.

Vijana wetu wanaosoma insha hii watakopa, nao watakopwa. Hatuwaambii wawe wagumu wa mikono. Jamii isiyokopeshana haina ujamaa ndani yake. Twawaomba tu warejeshe adabu ambayo wazee waliijua. Ukitoa, taja jina la unachokitoa. Kama ni mkopo, sema ni mkopo, mkubaliane siku, na awepo wa tatu wa kusikia, au liandikwe. Kama ni zawadi, sema ni zawadi, mwenzio alale usingizi. Na mdaiwa akizidiwa, asijifiche. Aje aseme, kwa maana mwenye kuomba muda hajavunja ahadi. Wazee walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Waliyajua matanga hayo, na ndiyo sababu walihesabu vibaba mbele ya watoto.