Ufanisi wa Kawi, au Jiko Linakula Makaa Kiasi Gani?

Muulize mama anayepika chapati Ruiru kuhusu ufanisi wa kawi, atakutazama tu. Muulize jiko lake linakula makaa kiasi gani, na mtazungumza mpaka unga uishe. Jambo ni lilelile. Ila istilahi tuliyoipa imepinda kidogo, na kupinda huko kuna gharama wawekezaji wanapokuja na mikataba.

Kawi haina tatizo. Kenya tuna Wizara ya Kawi, Tanzania wana Wizara ya Nishati, na anayevuka Namanga hapotei. (Vilevile huku twasema makaa, wao mkaa.) Tatizo ni ufanisi. Shina lake ni fana: harusi imefana, biashara imefana. Kwa hiyo msikilizaji wa kawaida akiambiwa ufanisi wa kawi umeongezeka, huenda akadhani umeme umefika vijijini na mambo ni mazuri. Mhandisi hamaanishi hivyo. Kwake ufanisi ni uwiano: sehemu ya kawi iliyofanya kazi iliyokusudiwa, ukilinganisha na yote iliyoingia.

Chukua sufuria yenye lita 5 za maji ya nyuzi 20. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kuyafikisha hapo kunahitaji takriban megajuli 1.6 za joto, liwe jiko lolote. Kilo moja ya makaa makavu ina kama megajuli 29. Jiko la bati tupu lenye ufanisi wa asilimia 20 litakula gramu 270 hivi. Lenye asilimia 40 litakula 135. Sasa lipandishe hadi 60, kama ingewezekana: litakula 90. Hatua ya kwanza imekuokolea gramu 135, ya pili 45 tu, ingawa kwenye karatasi zote mbili ni nyongeza ya asilimia ishirini ishirini. Ndiyo maana ufanisi si akiba. Anayeyachanganya atanunua asilimia akidhani ananunua makaa.

Ruiru ina sababu ya pekee ya kujali haya, maana ndiko kilipo kiwanda cha BURN, kampuni iliyoanzishwa na Peter Scott, inayotengeneza jiko la makaa liitwalo Jikokoa. Tazama jina lenyewe: jiko, okoa. Waliotafuta soko walilikwepa neno ufanisi wakashika kitenzi ambacho kila mtu anacho. Nao hawakuanza kwenye uwanja mtupu. Mapema miaka ya 1980, kwa fedha za msaada wa Marekani na umbo lililoazimwa kutoka majiko ya ndoo ya Thailand, mafundi wa bati wa Shauri Moyo, Nairobi, waliunda lile jiko lenye kiuno na bitana ya udongo wa kuchoma, ambalo leo hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuwa mradi. Kwa maoni yangu huo ndio ushirikiano wa kimataifa uliofaulu kuliko miradi mingi yenye vibao vikubwa: wazo la Asia, fedha za Magharibi, nyundo ya Shauri Moyo.

Je, Jikokoa linaokoa kweli? Wanauchumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilipima Nairobi, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2022. Jiko liliuzwa kama dola 40. Familia zilizolipata zilipunguza pesa za makaa kwa asilimia 39, karibu dola 119 kwa mwaka. Hata hivyo watu, kwa wastani, walikuwa tayari kulilipia dola 12 hivi. Walipopewa mkopo wa miezi mitatu, kiasi hicho kilizidi maradufu. Kwa hiyo hawakukosa kuamini. Walikosa dola 40 kwa mpigo.

Kilomita chache kutoka kiwanda cha BURN, kwa wachoma nyama wa Kamakis, kandokando ya Eastern Bypass, hesabu ya sufuria haisaidii sana. Nyama choma hutaka mwako ulio wazi. Jiko ni refu, la chuma, halina mfuniko. Mbavu za mbuzi hulala juu ya wavu, mafuta hudondoka, ndimi za moto huruka, mchomaji hunyunyiza maji kidogo na kusogeza makaa upande. Jiko la sufuria, hata liwe zuri vipi, halichukui nafasi hiyo. Upotevu mkubwa uko kwingine: makaa huwashwa kabla mteja hajaagiza, na huachwa yakiwaka baada ya nyama kutolewa. Hapo hakuna kifaa cha kulaumu. Mchomaji akiwasha nusu ya jiko kukiwa na wateja wachache, ufanisi wa jiko ni uleule, lakini gunia linadumu zaidi. Hayo ndiyo matumizi bora ya kawi.

Basi ningeyatenga maneno matatu. Ufanisi ubaki kwa kifaa, na uandikwe kwa asilimia. Matumizi bora yawe ya mtu na mazoea yake. Akiba iwe kile kilichobaki kweli kwenye gunia au kwenye bili.

Kwenye biashara ya hewa ukaa mkanganyiko huu umegeuka pesa. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani hulipia tani za gesi ambazo hazikutoka, yaani akiba, lakini hesabu nyingi huanza na ufanisi wa jiko maabara kisha hudhani kwamba jiko la zamani limetupwa. Mara nyingi halitupwi. Siku ya wageni yote mawili huwashwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa sampuli ya miradi ya majiko katika nchi mbalimbali, wakakadiria kuwa vyeti vya hewa ukaa vilivyotolewa vilizidi upunguzaji halisi karibu mara tisa.

Viwanda vya Thika na Ruiru navyo vilibanwa na kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012. Kilichotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kilitakiwa kifanyiwe ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka mitatu, kisha kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Kanuni zilisema akiba. Mkaguzi akileta ripoti iliyojaa asilimia za ufanisi wa mota na boila, bila kueleza mota hizo huzunguka saa ngapi kwa siku, mwenye kiwanda ana haki ya kuirudisha.