Tabibu au muuguzi: nani analipwa zaidi, nani anafika mbali?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kijana wa Muheza mwenye D za kemia, baiolojia na fizikia anabaki na swali moja: nisome utabibu au uuguzi? Wazazi wengi watasema utabibu, maana mtaani tabibu anaitwa "daktari". Tuanze na hela.

Serikalini, mwanzoni hakuna tofauti. Stashahada zote mbili ni miaka 3, na Tabibu Daraja la II na Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II wote wanaanza ngazi ya mshahara TGHS B. Ndiyo, "daktari" na "sista" wanaanza sawa. Anayeanza chini yao ni muuguzi wa cheti, TGHS A.

Kazi ndiyo inatofautiana. Kwenye zahanati ya kijijini, tabibu mara nyingi ndiye mganga mfawidhi: anapima, anaandika dawa, na lawama za dawa kuisha zinamwangukia yeye. Muuguzi ana wodi, chumba cha kujifungulia na zamu za usiku.

Sasa njoo kwenye kupanda, maana hapa ndipo watu wanakwama. Zamani tabibu akishapata uzoefu alisoma miaka 2, akawa Daktari Msaidizi, anafanya hadi upasuaji wa mjamzito. Mafunzo hayo yalisitishwa. Leo njia kubwa iliyobaki ni shahada ya udaktari: miaka 5 chuoni na mmoja wa mazoezi kwa vitendo. Ukimaliza unaanzia TGHS E, na hapo pengo la mshahara ni kubwa kweli.

Ila kuna kikwazo. Kuingia udaktari kwa stashahada unahitaji GPA ya 3.0, pamoja na angalau D za hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza za kidato cha nne. Mwenye F ya hisabati anasoma utabibu vizuri tu, halafu anagonga mwamba miaka mitatu baadaye. Kama ni wewe, rudia mtihani sasa hivi.

Muuguzi shahada yake ni miaka 4, na Afisa Muuguzi anaanzia TGHS C. Ngazi ni fupi, lakini mlango wa nje uko wazi zaidi. Uingereza na nchi za Ghuba zinaajiri wauguzi kutoka nje. Kada ya tabibu huko haitambuliki.

Hapa Muheza kuna pia kazi za mkataba kwenye tafiti. Hospitali Teule ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa FEAST, na NIMR ina Kituo cha Amani hapa hapa. Miradi kama hiyo huhitaji kada zote mbili, lakini mradi ukiisha, na mkataba umeisha.

Ukiniuliza mimi: unataka udaktari na hisabati ipo, soma utabibu. Huna uhakika na miaka mingine 6, nenda uuguzi. Na kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, maana bila hapo hata leseni hupati.